Nani aliwatuma nyuki wa Tanga?

Aliyekulia Tanga habari ya nyuki wa 1914 ameisikia, hata kama kipindi cha historia alikuwa anasinzia. Waingereza wanakuja na meli zimejaa wanajeshi kama 8,000 kutoka India, wanataka kuuchukua mji, Mjerumani Lettow-Vorbeck anawasubiri na watu kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika, halafu tarehe 4 Novemba katikati ya mapigano nyuki wanatoka. Risasi zilikuwa zinapasua kila kitu kwenye mashamba na vichaka, mizinga ikaguswa, nyuki wakachachamaa wakaanza kumvaa yeyote aliye karibu. Tarehe 5 jeshi lile kubwa likarudi melini, likaacha bunduki na risasi kibao, na mpaka leo watu wanaviita vita vya nyuki. Kiukweli nyuki hawakushinda vita peke yao. Jenerali Aitken aliingia bila kutuma watu wachungulie vizuri mbele kuna nini, askari wake wamechoka na safari ndefu ya bahari, na meli ya kivita ilikuwa imeshatangulia tarehe 2 kuwaambia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, yaani unapiga hodi kwanza ndo unakuja kuvamia.

Ila mi kinachonikaa kichwani ni maneno yaliyokuja baadaye. Upande wa Waingereza ikazuka kwamba ule ulikuwa mtego wa Wajerumani, eti mizinga ilifungwa kamba makusudi, ukipita ukaikanyaga kamba mzinga unafunguka. Wakati nyuki wale waliuma pande zote mbili. Na huku kwetu Ngamiani nimemsikia mzee mmoja barazani akisema kwa uhakika kabisa kwamba kuna mtu wa Tanga alisoma kitu usiku ule. Mwingereza kamtaja Mjerumani, mzee kamtaja mganga, lakini wote wamesema jambo moja, kwamba kuna mtu aliwatuma. Hakuna aliyekubali kwamba maelfu ya nyuki wanaweza kufanya kitu chenye sura ya mpango wa kijeshi bila mwenye mpango.

Sasa tuangalie nyuki wenyewe wanafanyaje. Mmoja anauma. Mwiba unanasa kwenye ngozi na kile kifuko chake, na hapohapo inatoka kemikali, kubwa yake inaitwa aisopentili asetati, watafiti waliitambua mwaka 1962, na ukiinusa ni ndizi mbivu tupu. Ndo maana wafugaji wengi wa nyuki hawataki mtu ale ndizi karibu na mzinga. Nyuki wa pili akiipata ile harufu anawaka, anakuja anauma palepale, harufu inazidi, inawaita kumi, kumi wanaita mia. Basi, hiyo ndo siri yote. Hakuna aliyehesabu adui wala aliyesema kikosi cha kushoto kizunguke. Kila mmoja ana kasheria kadogo tu, ukinusa hiki fanya hiki, na kasheria hako kakifuatwa na maelfu kwa wakati mmoja unapata jeshi. Harufu ikipeperuka jeshi linavunjika, kila mtu kwao.

Mtu atasema sawa, kuuma ni hasira tu, hasira haihitaji akili. Haya, twende kwenye kuhama nyumba, maana hapo panahitaji uamuzi. Kundi la nyuki likigawanyika, nusu wanatoka na malkia wa zamani wananing'inia kwenye tawi kama bonge moja, na wana muda mfupi wa kupata mahali pa kuishi kabla njaa au mvua haijawamaliza. Mwaka 1949 huko Munich, Martin Lindauer, mwanafunzi wa yule Karl von Frisch aliyekuja kupewa Nobel mwaka 1973 kwa kuielewa ngoma ya nyuki, aliona nyuki wanaocheza juu ya bonge la namna hiyo wamechafuka, huyu ana masizi, yule ana vumbi jekundu la matofali. Mji ulikuwa bado una magofu ya mabomu ya vita. Nyuki anayetafuta maua hachafuki hivyo. Akagundua hawa ni wapelelezi wa nyumba, wametoka kuchungulia mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka, na sasa wanarudi kuelezea walichokiona kwa kucheza.

Thomas Seeley wa Marekani akaja kuifuatilia hii kazi miaka na miaka. Mpelelezi aliyepata tundu zuri, wanapenda lenye nafasi ya kama lita 40 na mlango mdogo, anacheza mizunguko mingi, aliyepata la ovyo anacheza michache. Wengine wanaenda kukagua wenyewe, hawakubali kwa mdomo. Na kitu ninachokipenda sana hapa ni kwamba kila mpelelezi kadiri anavyorudi shauku yake inapungua, anacheza kidogo zaidi, mwisho ananyamaza, hata kama nyumba yake ndo ilikuwa nzuri. Hang'ang'anii. Mkutano wetu wa mtaa ungekuwa na hicho kitu tu tungekuwa tunarudi nyumbani saa kumi na mbili. Pia wanapigana vichwa, mwenye tundu A anamgonga anayetangaza tundu B ili anyamaze. Pakishafika nyuki ishirini au thelathini kwa pamoja kwenye tundu moja, wale wapelelezi wa pale wanarudi kuwaamsha wenzao na bonge zima linaruka. Malkia muda wote huo yupo katikati, anasubiri kupelekwa.

Kwenye sayansi mambo haya yana jina, mifumo inayojipanga yenyewe, na ukiyafuata unakuta yanapita kwenye kila chumba cha chuo kikuu. Mwanafalsafa Kant aliligusa tangu 1790 aliposema kiumbe hai ni kitu kinachojipanga chenyewe, tofauti na saa ya ukutani. Ashby, daktari wa akili wa Uingereza, akalileta mwaka 1947 kwa lugha ya mashine na hesabu. Ukipasha mafuta membamba kwenye kikaango taratibu kutoka chini yanaweza kujigawa vijumba vya pembe sita vimepangana safi, Mfaransa Bénard alivichunguza mwaka 1900. Mchwa wanajenga kichuguu bila ramani, mmoja anaweka donge la udongo lenye mate, donge lenyewe linamvutia mwingine aweke hapohapo, na Mfaransa mwingine, Grassé, akaieleza kazi hiyo mwaka 1959. Yaani ni jengo lenyewe linalowaambia mafundi wafanye nini.

Kuna wa kwetu baharini pia. Wanaozamia kwenye matumbawe wanamjua yule samaki bapa wa rangi ya buluu na michirizi ya njano ambaye utotoni anakuwa na miduara myeupe, wataalamu wanamwita Pomacanthus imperator. Alan Turing, huyuhuyu wa kompyuta, aliandika mwaka 1952 kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa mwendo tofauti kwenye ngozi, moja inachochea na nyingine inazuia, zinaweza kujitengenezea madoa na michirizi bila mchoraji. Wanabaolojia wengi waliichukulia kama hesabu za mtu mwenye muda. Mwaka 1995 Wajapani wawili, Kondo na Asai, wakawaweka samaki wa jamii hii kwenye matangi na kuwapiga picha wanavyokua, wakaona michirizi inasogea, inajigawa, mmoja unafunguka kama zipu unakuwa miwili, ili umbali kati ya mchirizi na mchirizi ubaki uleule wakati mwili unakua. Kama ilivyotabiriwa na hesabu za Turing, ambaye wakati huo ameshakufa miaka arobaini na moja.

Tanga kwa bahati mbaya tumezoea kuona mpangilio wa aina nyingine. Ukitoka mjini kuelekea Muheza au Pangani unapita mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka, na kila mstari ulipigwa kamba na mtu. Mkonge wenyewe ulikuja 1893, Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Pangani, na kutoka hapo ikawa mashamba, reli, nyapara, kengele, na kipande, ile kadi ya siku za kazi. Mji wetu umelelewa na nyapara. Halafu ukishuka mtoni unakuta mikoko, hii imekaa mbele kwenye chumvi nyingi, ile nyuma, aina kwa aina kama imepangwa, na hakuna aliyepiga kamba. Watalii wanaipiga picha mikoko, sisi tunajisifia mkonge.

Sasa kabla hamjadhani hapa natangaza dini ya "vitu vinajipanga vyenyewe", kulikuwa na mzee anaitwa Heinz von Foerster, mzaliwa wa Vienna, aliyeanzisha maabara ya kompyuta za kibaolojia kule Illinois, Marekani, mwaka 1958. Kwenye makala yake maarufu kuhusu mifumo inayojipanga, 1960, anaanza kwa kusema mifumo hiyo haipo! Hoja yake ni kwamba mpangilio ukiongezeka hapa, lazima kuna mahali unakula kitu, nishati na ghasia za nje. Akaeleza jaribio la boksi lenye vijisanduku vya sumaku, ukilitikisa ovyoovyo, bila kulenga chochote, ukifungua unakuta vimeshikana vimejenga maumbo. Ghasia zimetoka mkononi kwako, maumbo yametoka kwenye sumaku. Kwa hiyo kila ukisikia kitu kimejipanga uliza nani anatikisa boksi, na boksi lenyewe linalishwa na nini. Nyuki wana maua na jua. Ilya Prigogine alipata Nobel ya kemia mwaka 1977 kwa kulipa jambo hili hesabu zake.

Na hapa kwenye kemia ndo kuna kisa ambacho kinanifanya nisite kuziacha mada mbili zitengane, ya vitu kujipanga na ya mtu anayeviangalia. Boris Belousov, mkemia wa Urusi ya Kisovyeti, miaka ya mwanzo ya 50 alichanganya maji yake kwenye chombo yakawa yanabadilika rangi, yanakuwa njano, yanakuwa maangavu, yanarudi njano, tena kwa mapigo yanayohesabika. Akaandika, akatuma kwenye jarida mwaka 1951. Mhariri akamjibu kitu hiki hakiwezekani. Maana kila mtu alijua mchanganyiko wa kemikali unaelekea upande mmoja mpaka utulie, kama ulivyofundishwa. Mzee wa watu alisusa, akaja kutoa kurasa chache tu mwaka 1959 kwenye kijarida cha tiba ya mionzi ambacho mkemia gani angekisoma. Mwanafunzi Zhabotinsky akaifufua kazi kuanzia 1961, na tuzo ya Lenin ikaja mwaka 1980, Belousov ameshafariki miaka kumi. Jaribio lile lilikuwa rahisi kiasi kwamba yule mhariri angetembea mpaka maabara ya jirani akaliona ndani ya nusu saa. Hakwenda. Hakuhitaji kwenda, alikuwa tayari anajua anachokiona.

Basi swali la nani aliwatuma nyuki linageuka. Tuache nyuki, tumwangalie anayeuliza.

Jaribio hili fanya sasa hivi, usiwe mvivu. Chora kwenye karatasi nukta mbili nene, moja kushoto moja kulia, ziachane kama sentimita 8. Ziba jicho la kushoto, kwa jicho la kulia ikazie macho nukta ya kushoto tu, usiiache, halafu anza na karatasi kwa mkono ulionyooka uisogeze taratibu kuja usoni. Mahali fulani, kama sentimita 30 hivi, nukta ya kulia inatoweka. Ni pale mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho, hapana vipokeo vya mwanga, hiyo sehemu wewe ni kipofu tangu kuzaliwa. Cha ajabu hapaonekani shimo. Unaona karatasi nyeupe tu, imejazwa, safi. Von Foerster alilipenda hili jaribio kuliko yote kwa sababu linakuonyesha tatizo lenyewe, kwamba huoni kuwa huoni. Umri wote huo umekuwa ukitembea na tobo kila jicho na hujawahi kulikuta.

Halafu kuna vyura. Mwaka 1959 watu wanne pale chuo cha MIT, Marekani, Lettvin, Maturana, McCulloch na Pitts, walipachika nyaya nyembamba kwenye mshipa wa jicho la chura wakasikiliza jicho linapeleka nini kwenye ubongo. Wengi walidhani jicho linapeleka picha kama kamera. Wakakuta linapeleka habari chache ambazo zimeshachambuliwa kulekule jichoni, na mojawapo inawaka hasa kikiwepo kidude kidogo cheusi chenye umbo la duara kinachosogea. Chura hana habari na nzi aliyetulia. Mzungushie nzi waliokufa, atakufa njaa katikati ya chakula. Mtafiti mwingine, Roger Sperry, miaka ya 40 alikuwa ameshageuza macho ya vyura juu chini kwa upasuaji, kidonda kikapona, ukimwonyesha nzi juu anatupa ulimi chini, na hakujirekebisha hata baada ya muda. Sisi tunaoangalia tunasema anakosea. Humberto Maturana aliporudi kwao Chile akawa anasema hapana, kwa chura mwenyewe hakuna kosa lolote, ulimi umeenda kulekule ambako jicho lake na misuli yake vimekubaliana. "Juu" na "chini" ni za kwetu tuliosimama nje. Yeye na Francisco Varela mwanzoni mwa miaka ya 70 wakaendeleza wazo mpaka wakasema uhai wenyewe ni hicho, seli inatengeneza vipande vyake na vipande vinaitengeneza seli, wakaita otopoiesisi, na kwamba kiumbe hakipokei dunia, kinatikiswa na dunia halafu kinajibu kwa namna kilivyoundwa. Kutikiswa tena, unaona. Ni lile boksi la sumaku, safari hii lina macho.

Huu upande ndo wanauita konstraktivizimu, kwamba ujuzi haumwagwi kichwani, unajengwa na mwenye kichwa. Baba yake kwa karne ya 20 ni Jean Piaget wa Uswisi, na watu wanasahau kwamba huyu alianza na konokono, udaktari wake wa 1918 ni wa konokono na jamaa zao, na alikaa miaka akiangalia konokono wa ziwani jinsi magamba yao yanavyokuwa mafupi kwenye maji ya mawimbi. Baadaye akahamishia macho yaleyale kwa watoto. Kajaribio kake ka maji niliwahi kukafanya kwa mtoto wa dada yangu, Barabara ya 12, ana miaka mitano. Bilauri mbili sawa za juisi ya ukwaju, nikamuuliza zipi nyingi, akasema sawasawa. Nikamimina moja kwenye chupa nyembamba mbele ya macho yake.

"Haya, wapi kwingi?"

"Hapa." Anaonyesha chupa.

"Si nimemimina mbele yako?"

"Eeh mjomba, umemimina ikawa nyingi."

Umemimina ikawa nyingi! Huwezi kumlaumu, hiyo ni nadharia kamili, ina sababu na matokeo. Dada yake wa miaka tisa akawa anacheka mpaka anajishika tumbo, anashindwa kuelewa mtu anawezaje kuona hivyo, wakati si zamani na yeye alikuwa hukohuko. Hakuna aliyemfundisha. Alijenga mwenyewe kwa kumimina na kumwaga maji miaka yote hiyo.

Nikaongeza swali ambalo Piaget pia aliwauliza watoto wa Geneva kuhusu ziwa lao, nani alilichimba, nao wakamjibu kuna watu walilichimba. Nikamuuliza wetu, bahari nani aliichimba? Hakufikiria hata. "Wale wa bandarini." Na kwa kweli bandari yetu imechimbwa miaka ya karibuni, ameona mitambo kwa macho yake akiwa amepakiwa kwenye baiskeli ya baba yake. Nikamuuliza na mlima? Akasema udongo waliotoa wakauweka kule. Usambara yote hiyo imepatikana hivyo.

Nadhani mnaona ninakoelekea. Mwingereza wa kamba, mzee wa barazani na mtoto wa miaka mitano wanatumia chombo kimoja, kwamba palipo na mpangilio pana mpangaji. Na chombo hicho sio cha kijinga, tunakijenga kwa sababu kinafanya kazi. Nyumba ina fundi, ugali una mpishi, foleni ya hospitali ina dada mkali pale dirishani. Ukikitumia siku nzima Tanga mjini kinaweza kisikuangushe hata mara moja. Tatizo ni siku unapokutana na nyuki.

Naomba hapa nieleweke, maana najua komenti za chini zitasemaje. Simzungumzii Mwenyezi Mungu. Kuna Sura nzima, An-Nahl, na imo kabisa kwamba nyuki alifunuliwa atengeneze nyumba milimani na mitini na katika wanavyojenga watu, na mimi naisoma kwa raha zangu zote. Ninachokataa ni nyapara ndani ya mzinga.

Swali lingine ambalo huwa linakuja ni hili, kama kila mtu anajenga dunia yake basi kila mtu yuko sahihi, na aliyesema kamba na aliyesema mganga? Hapana, na Paul Watzlawick, Mwaustria aliyefanya kazi Palo Alto, Marekani, alilijibu vizuri kwa mfano ambao mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Nahodha anapita kwenye mlango wa miamba usiku wa dhoruba, hana ramani, hakuna mnara. Akigonga mwamba amejua jambo moja, hapa hapapitiki. Akipita salama anajua njia yake ilitosha, ila mlango ulivyo kamili hajaujua, pengine palikuwa na njia fupi zaidi au pana zaidi pembeni yake. Wavuvi wa Sahare wanaingia hivyo hivyo kwenye mafungu, kila mmoja ana alama zake, mnazi ule ukae juu ya bati lile, na alama za nahodha mmoja hazifanani na za mwingine na wote wanarudi na samaki. Lakini mwamba upo, na haujadili. Ernst von Glasersfeld aliyeupa huu msimamo jina la konstraktivizimu ya mizizi mwaka 1974 alikuwa anasisitiza hilo, kwamba ujuzi unapimwa kwa kupita. Nadharia ya kamba kwenye mizinga inagonga mwamba pale unapouliza mbona Wajerumani nao waliumwa.

Nikifika hapa huwa natamani niishie kwa kusifia, tuwaachie watu wajipange, dunia itanyooka. Ila mimi naishi kwenye pwani ambayo wavuvi walijipanga kulipua baruti. Hakuna mkuu wa baruti. Mmoja alilipua akapata mzigo kwa dakika, jirani aliyekuwa na mshipi akaona anarudi mikono mitupu, akatafuta chupa yake, matumbawe yakavunjika, samaki wakapungua, waliobaki na nyavu halali wakazidi kukosa, wakaingia na wao. Kitu kilekile, kasheria kadogo na mrudio unaojiongeza. Na bodaboda mmoja akigongwa na gari utaona wanavyofika wengine, dakika tano hujui wametoka wapi, na mara nyingine dereva hatoki mzima. Kujipanga sio sifa njema. Na kuna viongozi wamelipenda sana hili neno, wakija kwenye kikao wanasema "jipangeni wenyewe" na maana yake hela hamna.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009 akiwa mwanamke wa kwanza, alikusanya habari za watu waliojipanga vizuri na waliojipanga vibaya, na kati ya wa kwanza kuna wavuvi wa Alanya, Uturuki. Miaka ya 70 mwanzoni walikuwa wanagombana mpaka kupigana juu ya sehemu za kutega. Wakahangaika kama miaka kumi kujaribu hiki na kile. Mwisho wakafika hapa: kila Septemba inaandikwa orodha ya wavuvi wenye leseni, na orodha ya sehemu zote za kutega kwa majina yake, zimeachana kiasi kwamba wavu wa huyu hauzuii samaki wa yule. Nani aanzie wapi inaamuliwa kwa bahati nasibu. Kuanzia Septemba mpaka Januari kila siku kila mmoja anahama sehemu moja kuelekea mashariki, Januari mpaka Mei wanahama kuelekea magharibi, kufuata samaki wanavyohama. Kila mtu anapata siku yake kwenye sehemu nzuri, na siku hiyo hawezi kukosa kwenda, kwa hiyo mtu akimwingilia anakamatwa na mwenye zamu mwenyewe, hakuna haja ya mlinzi. Ugomvi unamalizwa kwenye mgahawa wa kahawa. Ila orodha ikishasainiwa nakala moja inapelekwa kwa meya na nyingine kwa askari wa pale.

Nilimwelezea hii nahodha mmoja kwenye mwalo wa Deep Sea, wakati anasubiri mnada. Alisikiliza vizuri sana, hasa ile ya kuhama zamu, akaanza kuhesabu kwa vidole mafungu anayoyajua na nani atakuwa wapi. Kisha akaniuliza, "Na wanaotoka kijiji kingine, kaka? Wakija usiku?" Nikamwambia kwa Ostrom hilo ndo la kwanza kabisa, ijulikane nani yumo na nani hayumo. Akatikisa kichwa. Hapa wanakuja wa Pangani, wanakuja wa Pemba, wanakuja wa Vanga upande wa Kenya, na kusi likikata na yeye mwenyewe anaenda kwao. Akasema hiyo orodha BMU yao, ile kamati ya wavuvi ya ufukweni, wanaweza kuiandika hata kesho, ila samaki wakihamia Pemba nani atamwandika yeye kule?